Shiatsu juu ya Mkeka: Namna ya Kumtuliza Mtu Aliyechoka

Mwanamke anayeuza nguo katika soko la Owino huinama juu ya marobota tangu alfajiri. Mwendesha bodaboda wa Kampala hushinda amekaza mabega. Fundi cherehani wa Arua hukunja shingo mpaka giza liingie. Mara nyingi kinachowasumbua watu hawa si ugonjwa wa kulazwa hospitalini, bali ni uchovu uliojikusanya katika misuli, usingizi unaokatikakatika na akili isiyopata pa kutua. Shiatsu, tiba ya mikono iliyokulia Japani, inawafaa sana, na mimi huipenda zaidi kwa sababu haidai mafuta, kitanda maalumu wala umeme. Mkeka, blanketi mbili, nguo nyepesi na saa moja ya utulivu vinatosha. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kumhudumia ndugu, mwenzi au rafiki yake nyumbani. Anayetaka kuifanya kazi ya kulipwa atahitaji mafunzo marefu chini ya mwalimu.

Mpokeaji wa shiatsu hulala sakafuni akiwa na nguo zake zote. Anayemhudumia hupiga magoti kando yake, akambonyeza kwa viganja na vidole gumba sehemu moja baada ya nyingine, na mara chache akatumia kiwiko au goti, kisha akazungusha na kunyoosha viungo taratibu. Ngozi haisuguliwi, wala misuli haifinyangwi. Mkono unatua, unabonyeza, unangoja, unaondoka, halafu unahamia mahali panapofuata.

Chimbuko lake ni anma, ukandaji wa kale wa Kijapani wenye asili ya China, ambao kwa muda mrefu ulikuwa hasa kazi ya watu wasioona. Tokujiro Namikoshi, aliyezaliwa mwaka 1905, alianza akiwa mtoto, baada ya familia yake kuhamia Hokkaido, kisiwa chenye baridi kali, ambako mama yake alishikwa na maumivu ya viungo. Mtoto huyo alimbonyeza mama kwa mikono yake, akajifunza kwa vidole vyenyewe wapi pana ubaridi na ugumu, na wapi panahitaji nguvu zaidi. Mwaka 1940 alifungua chuo jijini Tokyo, na mwaka 1964 serikali ya Japani iliitambua shiatsu kuwa tiba inayojitegemea. Namikoshi aliieleza kazi yake kwa lugha ya misuli na neva. Shizuto Masunaga, aliyeishi kati ya mwaka 1925 na 1981 na kufundisha katika chuo hichohicho, aliirudisha karibu na mawazo ya tiba ya China, kwamba nishati ya uhai, ambayo Wajapani huiita ki, hupita mwilini kwa njia maalumu, na kwamba mahali pengine hupungua ilhali pengine hujaa kupita kiasi. Anayejifunza nyumbani halazimiki kuchagua upande. Kwa Namikoshi tunachukua imani kwamba mtu wa nyumbani anaweza kumsaidia mgonjwa wake, na kwa Masunaga tunachukua desturi ya kuuacha mkono mmoja utulie mwilini wakati mwingine unafanya kazi.

Kuhusu nguvu ya tiba hii, ni haki msomaji aambiwe wazi. Tafiti juu ya shiatsu yenyewe ni chache na nyingi ni ndogo, kwa hiyo ushahidi wake bado ni dhaifu. Kubonyeza nukta mojamoja, yaani sehemu ndogo maalumu za mwili, kumechunguzwa zaidi, na ushahidi ulio bora unahusu nukta ya kifundo cha mkono inayopunguza kichefuchefu, hasa baada ya upasuaji. Watu wengi husema kwamba baada ya shiatsu hulala vizuri, mgongo hulegea na wasiwasi hupungua, na hilo peke yake ni jambo kubwa kwa mtu aliyechoka. Lakini shiatsu haitibu malaria, haishushi sukari, wala haichukui nafasi ya vidonge vya presha au vya virusi vya Ukimwi.

Wakati ambapo hupaswi kugusa

Sehemu hii isomwe kwanza, hata na mtu mwenye haraka ya kuanza, kwa sababu mikono yenye nia njema inaweza kumdhuru mgonjwa kwa kutojua.

Mtu mwenye homa habonyezwi. Hapa Uganda homa na maumivu ya mwili mzima ni sababu ya kwenda kituo cha afya kupimwa malaria, wala si sababu ya kutandika mkeka. Vivyo hivyo mtu aliyeanguka kutoka kwenye bodaboda, hata kama anatembea na kusema kwamba ameteguka tu, apigwe picha ya mifupa kwanza. Maumivu ya mgongo yanayoandamana na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na hapo kila siku inayopotea katika kukandwa ni hasara kwa mgonjwa. Mgongo unaouma pamoja na ganzi katikati ya mapaja, miguu kukosa nguvu au kushindwa kuzuia mkojo ni dharura ya hospitali.

Mguu mmoja ukiwa umevimba, una joto na unauma kwenye shavu la mguu, usiuguse kabisa, kwa maana huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na donge hilo likisogea linaweza kufika kwenye mapafu. Mishipa iliyovimba na kujikunja miguuni hupitwa bila kubonyezwa. Mwenye ugonjwa wa selimundu (sickle cell) akiwa katika maumivu makali huhitaji maji, dawa na daktari. Akiwa mzima anaweza kupokea viganja vyepesi tu, na afunikwe vizuri asipatwe na baridi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye saratani, mwenye presha isiyodhibitiwa na mzee ambaye mifupa yake imedhoofika wote wamwulize daktari kwanza. Vidonda, majipu, mahali palipoungua, mkanda wa jeshi na magonjwa ya ngozi yanayoambukiza haviguswi.

Kwa mama mjamzito mimi hushika msimamo mkali kuliko watu wengi: asiye na mafunzo asimpe shiatsu katika miezi 3 ya kwanza, na baadaye ajizuie kwenye viganja vyepesi vya mabega ya nyuma, mikono na nyayo, mama akiwa amelala ubavu. Tumbo lisibonyezwe. Kwa desturi ya tiba hii kuna nukta 3 ambazo mjamzito haguswi: nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, kilele cha bega kati ya shingo na ncha ya bega, na upande wa ndani wa mguu upana wa vidole 4 juu ya kifundo.

Shingo nayo ina sheria yake. Upande wa mbele na wa pembeni, pale unaposikia mapigo ya damu, hapabonyezwi kwa mtu yeyote. Madaktari wameripoti kisa cha mgonjwa ambaye mishipa ya jicho na ya ubongo iliziba baada ya shiatsu ya nguvu shingoni. Visa vya namna hiyo ni nadra, lakini hakuna nafuu ya bega inayostahili hatari hiyo.

Mahali, nguo na ruhusa

Tandika mkeka mahali pasipopitwa na watu, juu yake weka blanketi nene au godoro jembamba la sifongo. Kitanda hakifai, kwa kuwa hubonyea na kuumeza uzito wako wote. Mpokeaji awe amekula angalau saa 1 kabla, amekwenda haja, amevua mkanda, saa na mapambo, na amevaa nguo ya pamba isiyobana. Mwanamke anaweza kuvaa suruali nyepesi au kujifunga leso juu ya nguo yake. Kata kucha, nawa mikono kwa sabuni, na zima simu.

Omba ruhusa kwa maneno, hata kwa mtu unayelala naye nyumba moja, na mweleze utagusa wapi. Kwa mkubwa wako unaweza kusema, "Mzee, naomba nikupumzishe mgongo, nikibonyeza kupita kiasi uniambie mara moja." Heshima za kwetu nazo zizingatiwe. Katika Buganda, kwa mfano, mwanamume na mama mkwe wake hawagusani, hivyo mwanamume anayeona mama mkwe wake anaumwa mgongo amfundishe mke wake kazi hii, asiifanye mwenyewe. Pale ambapo kugusana kwa mwanamume na mwanamke wasio wa nyumba moja kunaleta maneno au wasiwasi, atafutwe mtu wa jinsia ileile, na mlango uachwe wazi.

Kuegemea

Mwanzoni karibu kila mtu husukuma. Hukaza mikono, hupandisha mabega, hutumia nguvu za vidole, na baada ya muda mfupi vidole gumba vinamuuma huku mpokeaji akijikunja ili kujilinda. Shiatsu nzuri hutoka kwenye nyonga na tumbo la anayeitoa. Piga magoti karibu na mpokeaji, magoti yakiwa yameachana kwa upana wa mabega, weka viganja mahali unapotaka kubonyeza, nyoosha mikono bila kukaza viwiko, halafu peleka nyonga zako mbele polepole kama mtambaaji, mpaka uzito wa mwili wako ushuke wenyewe kupitia mikononi. Ukitaka kupunguza, rudisha nyonga nyuma. Mikono haifanyi kazi nyingine zaidi ya kuupitisha uzito huo. Jizoeze kwanza juu ya mto au gunia la nafaka, ukipiga magoti na mikono na kuuhamisha uzito kutoka magotini hadi viganjani na kurudi, mpaka usikie kwamba mabega yako yamelegea wakati wote.

Uzito ushuke wima kuelekea ndani ya mwili, usiteleze kando, kwa maana kuteleza kunavuta ngozi na kuudhi. Ushuke mpokeaji anapotoa pumzi, ubaki hapo kwa sekunde 3 hadi 5, na kwenye misuli minene ya mgongo wa chini na nyonga unaweza kufika sekunde 7, kisha uondoke polepole kama ulivyoingia. Kuingia ghafla humfanya mtu akaze misuli. Kutoka ghafla humshtua. Ninasisitiza hapo katikati, kwenye kungoja, kwa sababu misuli iliyokaza hukubali kulegea ikipewa muda, na anayehama upesi kutoka mahali hadi mahali huondoka kabla haijakubali.

Mkono mmoja utulie. Ukibonyeza mgongo kwa mkono wa kulia, wa kushoto ulale kimya juu ya nyonga au kati ya mabega bila kubonyeza. Mpokeaji huhisi ameshikwa na mtu mmoja mzima, na wewe kupitia mkono huo unasikia pumzi yake inavyobadilika. Pumzi ikiwa ndefu na ya chini, uko sawa. Akizuia pumzi, akakunja vidole vya miguu au akakaza taya, punguza uzito hata kama mdomo wake unasema sawa, kwa kuwa watu wetu wengi wamelelewa kuvumilia na hawatalalamika mbele ya anayewasaidia. Maumivu yanayokubalika ni yale yanayomfanya mtu agune na kusema "hapohapo". Maumivu makali, ya kuchoma au yanayokimbia kuelekea mguuni au mkononi ni amri ya kuacha.

Mgongo, miguu, kisha mikono na kichwa

Mpokeaji alale kifudifudi, kichwa kimegeuzwa upande anaoupenda, na nguo iliyokunjwa iwekwe chini ya vifundo vya miguu. Asiyeweza kulala hivyo alale ubavu, na mto uwekwe kati ya magoti yake. Anza kwa kuweka kiganja kimoja kati ya mabega na kingine mwisho wa mgongo, ukae hivyo bila kubonyeza mpaka pumzi zenu zitulie.

Kando ya uti wa mgongo, kulia na kushoto, kuna misuli miwili iliyosimama kama kamba nene, na hiyo ndiyo kazi kubwa ya siku. Mifupa ya uti yenyewe haibonyezwi kamwe. Pita kwanza kwa viganja, kimoja kila upande wa uti, ukianzia kati ya makombe ya mabega na kushuka kiganja kwa kiganja hadi kiunoni. Rudia, kisha tumia vidole gumba, upana wa vidole 2 kutoka katikati ya uti, ukishuka kwa hatua za upana wa vidole 2 au 3. Vidole vingine vilivyobaki vilale juu ya mgongo ili kuvitegemeza vidole gumba. Kidole gumba kinachosimama peke yake hupata madhara. Penye ugumu usipigane napo. Egemea, ngoja, endelea, halafu urudi baadaye. Chini ya mbavu za mwisho, mahali pa figo, tumia kiganja chepesi tu. Mfupa mpana ulio mwisho wa mgongo, juu ya makalio, hupokea vizuri viganja viwili vilivyopandana, na wauzaji na wakulima wanaoshinda wameinama hupata hapo nafuu ambayo hawakuitarajia.

Makalio yana misuli minene inayobeba uchovu mwingi wa waendesha bodaboda na madereva. Egemea kwa kiganja upande wa nje, kwenye kibonyeo kilicho nyuma ya kiungo cha nyonga. Kutoka hapo shuka katikati ya nyuma ya paja kwa viganja, ruka nyuma ya goti bila kubonyeza, endelea kwenye shavu la mguu kwa wepesi zaidi. Nyayo zinaweza kukanyagwa: ondoa nguo iliyo chini ya vifundo, na mpokeaji akiwa bado kifudifudi na vidole vya miguu vikitazamana, simama ukimpa mgongo na uweke visigino vyako juu ya nyayo zake, ukiegemea mguu mmoja kisha mwingine, huku sehemu kubwa ya uzito ikibaki kwenye vidole vyako vilivyo sakafuni. Watu waliosimama siku nzima huipenda hatua hii kuliko zote. Vifundo vikiwa havifiki sakafuni, acha, ubonyeze kwa vidole gumba.

Ageuke chali, mto uwe chini ya magoti. Shika mkono wake kwenye kifundo, uuvute kwa upole mpaka bega lifunguke, kisha ubonyeze kwa kiganja kutoka karibu na bega kushuka upande wa ndani wa mkono hadi kiganjani, ukipita kiwiko bila kukigusa. Kifungue kiganja chake kwa vidole gumba vyako viwili. Tumbo, ambalo wataalamu wa Kijapani hulipa uzito mkubwa katika uchunguzi, ningependa mwanafunzi wa nyumbani aliache, isipokuwa kulaza kiganja chenye joto juu yake.

Maliza kichwani. Kaa nyuma ya kichwa chake, pitisha vidole chini ya kisogo mpaka vikute mabonde mawili yaliyo chini ya mfupa, kila upande wa shingo, na uache uzito wa kichwa chenyewe ulalie ncha za vidole vyako. Hapa hubonyezi wewe, bali kichwa kinajibonyeza. Kaa hapo dakika 1 au 2, kisha bonyeza paji la uso kutoka katikati kwenda pembeni.

Kwa mtu aliye peke yake

Anayesubiri abiria kwenye kituo anaweza kujihudumia. Kwa kichefuchefu, pima upana wa vidole 3 kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono kuelekea kiwiko, upande wa ndani, na ubonyeze kati ya kano mbili kwa dakika 2 au 3 kila mkono. Kwa miguu mizito, pima vidole 4 chini ya kikombe cha goti, upana wa kidole kimoja nje ya mfupa wa muundi, ubonyeze kwa kidole gumba huku ukipumua polepole. Kwa bega lililokaza, kaa kwenye kiti, vuka mkono wa kushoto hadi bega la kulia, shika nyama ya juu kwa vidole vya kati, na uache kiwiko kininginie kivute bega kwa uzito wake. Mjamzito airuke hatua hiyo ya mwisho.

Baada ya kazi

Mfunike, umwache alale dakika 10, kisha ageuke ubavu kabla ya kuketi, maana anayeinuka ghafla huweza kupata kizunguzungu. Mpe maji. Asiendeshe bodaboda mara tu anapoinuka, kwa sababu usingizi humjia. Uchovu mwepesi au misuli kuuma kidogo siku 1 au 2 ni kawaida; alama za kuvilia damu zinaonyesha kwamba ulisukuma. Mara moja kwa wiki inatosha kwa mtu mwenye kazi nzito, na mapumziko ya dakika 20 ya mgongo na nyayo tu ni bora kuliko kikao kirefu kinachofanywa na mtu aliyechoka mwenyewe.

Anayetaka mtaalamu amwulize alisoma wapi, kwa muda gani na chini ya nani, na aangalie kama anauliza kuhusu dawa, mimba na magonjwa kabla ya kugusa. Uganda ina sheria ya mwaka 2019 inayosimamia tiba asilia na tiba mbadala, hivyo si utovu wa adabu kumwuliza mtu kuhusu usajili wake. Anayeahidi kuponya presha au Ukimwi kwa vidole, au anayekuambia uache dawa za hospitali, mwache siku hiyohiyo. Na maumivu yasipopungua baada ya wiki 2 au 3, au yakizidi usiku, mgonjwa aende hospitali kumwona daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, akieleza pia kwamba amekuwa akibonyezwa na mahali alipobonyezwa.